Jibu ni Kumi na Tano

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeamka na hasira. Bado hakuna aliyenikosea, ila nilijua tu watanikosea. Mie Anwar, mwanachuo wa ualimu, nipo kwenye mazoezi ya kufundisha hisabati Darasa la Tatu, shule ya msingi hapahapa Temeke. Watoto mia na kumi na mbili! Na kila kipindi kikiisha chuo kinataka niandike tafakuri: nani kaelewa, nani hajaelewa, mwalimu atabadilisha nini. Kila siku! Kwani mie karani?

Leo nimemaliza ubishi. Nimekaa ofisini nikaandika tafakuri zote hadi mwisho wa mwezi. “Somo limeeleweka kwa asilimia 95.” Saa moja tu, kwisha. Maisa, tuliyetoka naye chuo kimoja, bado anaandika mtoto mmoja mmoja kakosea wapi. Kaniuliza nimejuaje mambo ya Ijumaa na leo Jumatatu. Nikamjibu huo ndio uzoefu. Ana kiherehere yule!

Jumanne, 5 Agosti
Leo kutoa kwa kukopa. Hamsini na mbili toa thelathini na saba. Kuna katoto kanaitwa Lulu, kanakaa dawati la mbele, maswali hayakaishi. Kakauliza mbili utaitoaje saba. Joto, kelele, njaa! Nikawaambia geuzeni, toeni kidogo kwenye kikubwa. Dakika kumi darasa zima limepata jibu: 25. Nikawapigia vyote vema. Kumbe ualimu mwepesi hivi!

Maisa katokea mlangoni, kaninong'oneza kwamba ishirini na tano ukijumlisha na thelathini na saba hupati hamsini na mbili. Nikamuuliza nani kamwita. Mbele ya watoto wangu!

Alhamisi, 7 Agosti
Siku mbaya! Mkufunzi Elinaza katoka chuoni kuja kunipima, bila taarifa. Hata shikamoo yangu ilitoka kwa kigugumizi. Kakaa dawati la nyuma, kachukua daftari la mtoto: 25. La pili: 25. La tatu: 25, na vema yangu nyekundu juu. Akaomba andalio la somo, akasoma tafakuri. Akafunua ukurasa wa mbele. Akafunua tena. Akaniuliza imekuwaje somo la kesho limeshaeleweka. Halafu akauliza, kwa upole ule wa kukera, kama nafahamu kwamba kesho ni Nane Nane, shule zimefungwa.

Nikamwambia watoto wangu wana moyo wa kusoma.

Hakucheka. Atarudi Alhamisi ijayo, somo lilelile. Nikivurunda, mazoezi narudia mwakani na cheti nakisikia kwa wenzangu. Eti kwa sasa nimuombe Maisa anifundishe kutumia vijiti vya kuhesabia. Nimuombe Maisa! Bora nitafune chaki.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Nipo nyumbani nimenuna. Mama, Bi Mwamvita, kaleta kitenge cha sare ya mahafali yangu. Yeye na mashoga zake. Walikuwa sita, sasa kumi na wanane. Mtaa mzima unaniita ticha, hata muuza chapati. Nilitaka kumwambia mama ukweli, nikamwona anajipima mbele ya kioo, anajigeuza huku na huku, anacheka peke yake. Nikasema sare imempendeza.

Mchana akili ikanijia. Mkufunzi kasema somo lilelile. Basi na mfano ni uleule! Jibu sahihi nimelitafuta kwenye simu: 15.

Jumatano, 13 Agosti
Siku tatu za mazoezi. Nikigonga ubao, watoto mia na kumi na mbili wanapaza sauti: kumi na tano! Dirisha linatetemeka. Mwalimu mkuu kachungulia mara mbili, kasema darasa limechangamka.

Lulu kauliza kwa nini kumi na tano. Nikamwambia ndivyo mtaala ulivyo. Wakati wa mapumziko namkuta nyuma ya ofisi na Maisa, wanafunga vijiti vya fagio kumikumi kwa mpira. Nikawaka! Nikamwambia Maisa aache kuniibia wanafunzi. Akasema mtoto kaja mwenyewe, tena analia. Nikasonya mpaka mlinzi akageuka.

Alhamisi, 14 Agosti
Mkufunzi kafika saa tatu. Nikaandika 52 toa 37, nikagonga ubao. KUMI NA TANO! Akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu. Mara akainuka, akafuta ubao, akaandika 63 toa 48. Nikatazama mlango.

KUMI NA TANO!

Na ni kumi na tano kweli! Jamani, Mungu ananipenda! Mkufunzi akatabasamu, nami nikatabasamu. Akageuka kwenda kukaa. Kaa, mama mkufunzi, kaa! Hakukaa. Akarudi ubaoni, akaandika 84 toa 56. Nikasema kipindi kimeisha. Akasema bado dakika ishirini.

Wakapaza sauti kwa furaha kuliko mwanzo. Kumi na tano.

Lulu peke yake kanyoosha mkono. Katoa vijiti kwenye mfuko wa sketi, kafungua fungu moja, kahesabu taratibu, kasema ishirini na nane. Mkufunzi akachuchumaa pembeni yake, akauliza kafundishwa na nani. Nikamtolea Lulu macho. Akasema Mwalimu Maisa, wakati wa mapumziko, maana Mwalimu Anwar anawapaga jibu tu. Na wale wengine wote wakaitikia: ndiyooo!

Wasaliti! Nimewanunulia pipi Jumatatu!

Lakini niseme ukweli, maana humu nasoma mwenyewe. Yule mtoto alivyokuwa anavichekea vile vijiti vyake, nilitamani awe kacheka kwa ajili yangu. Niliumia. Baadaye hasira zikarudi.

Nimefeli.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimemwambia mama. Nilijiandaa kwa kelele, hakupiga. Kakunja kitenge, kakiweka kabatini, kaniuliza kwani hizo hesabu za watoto ngumu sana, mwanangu. Nikasema si hesabu, ni fitina. Akaenda jikoni. Sufuria zilinijibu.

Mkufunzi kaniachia karatasi. Eti wiki zilizobaki darasa langu alishike Maisa, nami nikae dawati moja na Lulu, nijifunze kukopa makumi. Mie! Na miguu yangu hii chini ya dawati la Darasa la Tatu!

Hata hivyo nimetulia, nimejitafakari kwa dhati, na kosa langu nimeliona. Nilikuwa mvivu, sikatai. Nilitegemea jibu moja. Mwakani nawakaririsha majibu kumi.