Dume Jeusi la Kununulia Hewa

Siku aliyosikia Xavery wa Mbulu kwamba hewa inauzwa, alikuwa amekaa kwenye mgahawa mmoja pale Katesh, anasubiri supu ya mbuzi ambayo hakuwa na nia ya kuilipia. Meza ya nyuma walikaa mabwana wawili wa semina, vitambulisho shingoni, wanaongea kwa sauti ya watu waliokwisha kulamba posho. Mmoja alikuwa anamweleza mwenzake kwamba viwanda vya Ulaya vinatoa moshi, halafu vinawalipa watu wa huku wasikate miti yao. Wasikate tu. Wakae nayo.

Xavery aliweka kijiko chini. Maisha yake yote alikuwa ameuza vitu ambavyo angalau vilihitaji kuonekana: tanzanaiti za vipande vya chupa, mbegu za vitunguu swaumu zilizokwisha kuchemshwa, na mara moja, Mungu amsamehe, nguzo za umeme zikiwa zimesimama palepale na waya wake. Lakini hewa! Haiozi, haihitaji ghala, na mteja yuko ng'ambo huko, hawezi kukufuata na panga. Nusura atokwe machozi.

"Ila lazima kijiji chenyewe kikubali," yule bwana aliendelea. "Mkutano mkuu, akidi itimie, muhtasari upigwe muhuri. Unakuja hapa wilayani, unapanda mpaka Dodoma, ndipo inatoka barua ya kutokuwa na pingamizi. Huna muhtasari? Hata kiti hupewi."

"Muhtasari," Xavery alinong'ona, kama mtu aliyetajiwa jina la mchumba.

Hazikupita wiki mbili alikuwa ameshampata dalali wa Arusha aliye tayari kununua mradi wowote wa kaboni uliopitishwa kijijini na wilayani, alimradi karatasi zimfikie kabla ya Jumamosi ya wiki inayofuata. Kilichobaki ni kijiji, na usafiri wa kukifikia, yaani Prado.

Hapa tusimame kidogo tuipe Prado heshima yake. Ilikuwa nyeusi tii, inameta kuliko viatu vya bwana harusi, na ndiyo ilikuwa mali pekee ya Xavery chini ya jua. Hakuwa na nyumba, shamba wala mke. Alilala ndani ya Prado, alinyoa ndevu kwenye kioo chake cha pembeni, na aliifuta kwa fulana yake mwenyewe. Mtu akishuka kwenye Prado anaitwa mheshimiwa, na ukishaitwa mheshimiwa nusu ya kazi imekwisha. Bila hiyo gari, Xavery alikuwa tu mtu mwenye maneno mengi na viatu vilivyochongoka.

Kijiji alichokichagua kiko huko nyuma ya Gehandu. Jina silitaji, wenyewe bado wapo na ni wakali. Mwenyekiti wake, Mzee Gidamis, alimpokea amesimama na fimbo yake, shuka begani, na pembeni yake alikuwepo mtendaji wa kijiji, binti mmoja mkimya aitwaye Verediana, na daftari lake.

"Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba. Nasikia unanunua hewa."

"Kaboni, mzee. Iliyomo kwenye miti yenu."

"Ukishainunua, sisi tutavuta nini?"

"Mtavuta hiyohiyo. Haiendi popote."

"Na mnunuzi anachukua nini?"

"Anachukua karatasi, mzee."

Mzee Gidamis alifikiri. "Huyo mtu ana ndugu wa kumwangalia?"

Xavery alicheka kicheko cha semina, akatoa mkataba wa kurasa arobaini kwa Kiingereza, miaka arobaini, kila ukurasa kwa mwaka wake. Imani yake kuu katika kazi ilikuwa moja: hakuna binadamu anayesoma karatasi. Watu huangalia muhuri tu. Verediana aliupokea ule mkataba kwa mikono miwili, akaandika kitu kwenye daftari, akasema mkutano utakuwa Alhamisi.

Angelala tu kwenye gari yake mpaka Alhamisi, hadithi hii isingekuwepo. Lakini tapeli naye ana ufundi wake wa kujipendekeza. Alishika kopo la rangi nyekundu, akaanza kuipiga miti namba ili aonekane mtaalamu. Namba moja akauandikia mgunga mkubwa kuliko yote, ule wa kilimani, kwa tarakimu ya kuonekana mpaka Basotu.

Lo! Mgunga ule ni wa kina mama. Akina mama wa Kibarbaig wana baraza lao, hukaa pale peke yao, na wakimkuta mwanaume ana hatia humtoza dume jeusi la ng'ombe, lisilo na baka hata moja. Xavery ni mtu wa Mbulu, milima miwili tu kutoka pale, na alijiona anajua kila kitu cha Hanang. Hilo hakulijua.

Jioni aliwaona akina mama wanashuka kilimani, wamebeba matawi mabichi, na mbele yao Mama Konsolata, mrefu, bangili za shaba mikononi na rozari shingoni.

"Kijana, umeuandika mti wetu."

"Shikamoo, mama. Ni kwa faida ya taifa."

"Marahaba. Dume jeusi. Halafu ujue, mpaka ulipe, hakuna mwanaume wa hapa atakayekaa kikao na wewe."

Xavery alimgeukia Mzee Gidamis, aliyekuwa amesimama pembeni. "Mwenyekiti, hebu niokoe!"

"Mwanangu, mimi nina mama," Mzee Gidamis alisema, na akaondoka na fimbo yake.

Bila wanaume hakuna akidi, bila akidi hakuna mkutano, na bila mkutano hakuna muhtasari. Jumatatu Xavery alikimbilia mnadani Katesh. Madume meusi kabisa yalikuwepo mawili, yote ya shemeji zake Mama Konsolata, na bei yake ilikuwa ya kumfukuza mtu. Akaangukia la bei poa, jeusi isipokuwa baka jeupe usoni na jingine tumboni. Akaingia saluni, akaagiza pakiti nane za rangi nyeusi ya nywele.

"Kaka," dada wa saluni alimwuliza, "una kichwa au una mlima?"

Jumatano alilifikisha dume kijijini, linanukia kama bibi harusi. Akina mama walilizunguka. Mama Konsolata alilitazama pembe mpaka kwato, akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika, na Xavery akaanza kupumua. Ndipo wingu lilipoteremka kutoka Mlima Hanang.

Mvua ilinyesha dakika kumi tu, lakini zilitosha. Dume lilianza kutokwa na jasho jeusi, likafika kwato, likafanya kidimbwi, na usoni pake, polepole, likachomoza baka jeupe pee. Mama Konsolata alipitisha kidole, akawaonyesha wenzake, na hapo wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa kwenye tope.

"Sasa ni mawili," alisema alipopata pumzi. "La kuandika mti, na la kutufanya vipofu."

"Mama, nitayatoa wapi leo? Mkutano ni kesho!"

Macho ya Mama Konsolata yalikuwa yamehamia kwenye Prado, iliyokuwa imesimama pale inaogeshwa na mvua. Aliisogelea, akapitisha kidole kwenye boneti, akakiangalia kidole. Kisafi.

"Hili halitoi rangi," alisema.

"Mama!"

"Jeusi. Halina baka. Tunalipokea kwa yote mawili, na dume lako utakuja kulichukua baadaye."

Xavery aliipenda ile gari kwa mapenzi ya kweli, na ndani ya kifua chake mapenzi na tamaa vilishikana mashati. Tamaa ikamwambia hivi: muhtasari mmoja ni Prado tano, tena mpya.

"Na muhtasari nitaupata?" aliuliza.

Verediana ndiye aliyejibu. "Utaupata. Kila kitakachosemwa kitaandikwa, sahihi zote zitakuwepo, na muhuri."

Alisaini kadi ya gari huku analia waziwazi. Aliomba abaki na kitu kimoja tu cha ukumbusho, kile kimti cha karatasi chenye manukato kilichokuwa kinaning'inia mbele ya kioo. Wakamruhusu.

Alhamisi alihutubia saa nzima mpaka kola ikalowa. Kisha akaombwa atoke nje, watu wajadili. Kutoka nje alisikia makofi, akasikia vigelegele, na moyo wake ukacheza ngoma. Verediana alimletea bahasha. Xavery alichungulia mwisho wa karatasi, akauona muhuri, duara la zambarau, wino haujakauka. Akaubusu.

Ijumaa asubuhi walimpa lifti mpaka wilayani, kiti cha nyuma kabisa, ndani ya Prado ile ile. Verediana aliendesha, alijifunzia VETA Singida. Katikati walikaa akina mama wamemzunguka Loveness, mjamzito aliyeanza kushikwa uchungu alfajiri. Kabla hawajafika lami uchungu ulichachamaa, na Mama Konsolata akagonga kioo.

"Simamisha! Mwanaume ashuke. Au unataka la tatu?"

Xavery alishuka upesi kuliko alivyowahi kuwakimbia polisi. Akatembea kilomita sita na viatu vyake vilivyochongoka, bahasha kwapani, anapiga mluzi.

Ofisa wa wilaya aliipokea bahasha, akavaa miwani, na, balaa gani hili, akaanza kusoma. Tena kwa sauti.

"Ajenda ya kwanza. Mkutano unamshukuru ndugu Xavery kwa gari, litakalobeba wajawazito na wagonjwa. Ajenda ya pili. Ombi la ndugu Xavery kununua kaboni ya kijiji kwa miaka arobaini. Mtendaji alisoma na kutafsiri mkataba wote, ukurasa kwa ukurasa. Waliohudhuria mia mbili kumi na mmoja. Waliokataa, mia mbili kumi na mmoja. Ajenda ya tatu. Kijiji kitaomba wataalamu wa serikali chenyewe."

Alivua miwani. "Akidi imetimia. Muhuri ni halali. Bwana, huu ni muhtasari mzuri sana, nimeupokea."

Xavery alikaa kwenye ngazi za nje, mtu tu mwenye viatu. Aliona uchungu, aliona aibu, na zaidi ya yote aliikumbuka gari yake. Ndipo honi yake mwenyewe ikalia mbele yake. Mama Konsolata alikuwa amekaa kiti cha mbele.

"Kijana! Amejifungulia humuhumu, sasa wako hospitali salama. Dume!" Alikuwa anacheka kwa meno yote. "Tumempa jina. Gida kama wanaume wa hapa, kaboni kwa ajili yako: Gidakaboni."

Xavery alitaka kulia, kikatoka kicheko, na hakikutaka kukoma. Katika mambo yake yote, hilo jina la kaboni tu ndilo lililopita Hanang bila kupingwa. Alipapasa mfukoni, akatoa kile kimti cha manukato, akakipitisha dirishani.

"Kampe huyo mjomba mchanga."

Mama Konsolata alikinusa, akafumba macho. "Mm! Hii hewa yako nzuri kweli. Unauzaje?"

"Bure, mama," alisema Xavery, akafungua mlango wa nyuma, akapanda.