Kengele Kwenye Friji

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Nimeona mlango wa kutokea.

Miaka yote hii redioni kazi yangu ni kusoma matangazo ya vifo na hali ya hewa. Fulani kafariki, kesho mawingu. Sauti niliyojaliwa na Mungu inaishia mawinguni! Sasa juzi yule malkia wa muziki, ambaye ni rika la mke wangu, alisimamisha onyesho katikati ya wimbo, akavua koti lenye vimetameta, akaomba feni. Akauambia umati kwamba hedhi imekoma, joto limempanda, wamwache apumue. Mitandao imewaka moto. Wanaume wanamcheka, eti bibi astaafu. Wanawake wanawajibu maneno ambayo kalamu yangu haithubutu.

Asubuhi Mkurugenzi akatuita. Huyu mama hajawahi kucheka mbele yangu. Kasema kituo kinaanzisha kipindi cha afya ya wanawake, Ijumaa jioni, moja kwa moja hewani: hedhi, uzazi, unyumba, yote bila kificho. Dada wa habari na dada wa muziki wamejaa kazi hadi shingoni, kwa hiyo anatafuta mtangazaji. Nikainua mkono. Akaniuliza kama nataka kwenda msalani.

Mtangazaji wa michezo naye kainua wa kwake. Tunamwita Penalti, kwa sababu penalti moja anaweza kuisimulia mpaka chai ikapoa. Anajua nini huyu kuhusu wanawake? Mimi angalau nimeoa!

Jioni nimemkuta mke wangu jikoni, mlango wa friji wazi, kichwa ndani. Nikamuuliza anatafuta nini. Kasema hatafuti kitu. Haya. Asiyetafuta kitu anaficha kitu. Nimekagua: kuku wangu wa jana kapungua paja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe kafika na mkoba mkubwa. Dalili mbaya. Kasema amesikia binti yake halali. Ni kweli halali. Wiki kadhaa sasa anajinyoosha sebuleni kwenye vigae, bila hata mkeka, eti chumbani kuna joto. Mimi sijalalamika. Kitanda chote changu, nalala kimshazari. Mama mkwe kasema mambo yasipobadilika, Jumamosi anamchukua mwanawe akapumzike kwake, na kurudi kutategemea. Sikuuliza kutategemea nini. Nikasema karibuni sana. Kuku mzima bila mshirika!

Baada ya chakula mke wangu kaniomba nikae, ana jambo la kuniambia kuhusu mwili wake. Nikamwambia asubiri kidogo, nipo katikati ya utafiti kuhusu miili ya wanawake. Kisha akaenda kufungua friji.

Nimenunua kengele. Ndogo, ya shaba, ile wanayofunga kwenye milango ya maduka ili mteja akiingia isikike. Nimeitundika kwenye friji. Sasa tutajuana. Kazini nimewaeleza wote mbinu hii, hata fundi mitambo. Wamecheka sana. Wivu.

Jumatano, 5 Machi

Kengele inafanya kazi! Imelia alfajiri. Nikatoka mbio na kandambili mkononi. Mke wangu, kichwa ndani ya friji, anajifuta shingo kwa kipande cha barafu. Jasho linamtiririka. Nikajua: huo ni uso wa mwenye hatia. Kuku lakini yupo. Ana ujanja wa hali ya juu.

Kengele ikalia tena muda si mrefu. Mama mkwe katoka na ufagio, mimi nikabaki nimeduwaa na paja mdomoni. Nilikuwa nimesahau kwamba inalia hata kwangu. Nikaeleza kwamba naijaribu. Mama mkwe akasema naona.

Mchana, utafiti. Penalti anasoma vitabu. Mimi mtu wa watu, nikaenda saluni wanakokaa wanawake wenyewe. Nikajifanya nasubiri mtu. Msusi kaniambia kiti ni cha wateja. Ikabidi niwe mteja. Nywele sina, kwa hiyo nikaletewa rangi ya kucha. Nyekundu. Nikaona si neno, vita havina nguo safi.

Nikaanza kuchokonoa kuhusu malkia wa muziki. Lo! Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja joto humpata akiwa benki kwenye foleni. Mwingine anasahau jina la jirani. Wa tatu hospitali walimwambia ni uzee tu, akanywe maji, ilhali mumewe akipiga chafya anapimwa mpaka kucha. Hapo wakazitazama za kwangu. Nikataka kujua zaidi. Wakaniuliza kama nina mke. Nikasema ninaye, ana hamsini na mmoja. Wakasema basi nenda kamuulize yeye.

Ushauri wa ajabu! Kwangu hakuna mgonjwa. Na mke wangu siku hizi hasemi kitu, kazi yake kuchungulia friji.

Alhamisi, 6 Machi

USHINDI!

Rangi haitoki. Nimejaribu sabuni, mafuta ya taa, hata jiwe la kusugulia miguu. Nikaingia kwa Mkurugenzi na mikono mifukoni. Penalti kaanza yeye: karatasi, michoro, takwimu, akauita mfuko wa uzazi lango. Mkurugenzi akafumba macho. Zamu yangu, nikasema wanawake lazima wasikilizwe, na kwa ule mzuka nikatoa mikono. Kucha kumi nyekundu! Penalti akaangua kicheko. Mkurugenzi akamnyamazisha. Kasema hajawahi kuona mwanamume akajitoa hivi kuwaunga mkono wanawake. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kipindi cha kesho ni changu, kwa majaribio. Kikienda vizuri, kwaheri vifo!

Sharti moja: kila kitu kiitwe kwa jina lake. Hakuna mambo yale, hakuna sehemu zile, hakuna ile shughuli. Nikasema hakuna shida. Shida ipo. Nimelelewa katika nyumba ambayo hata chupi zilikuwa zinaanikwa chini ya taulo.

Jioni nikajifungia bafuni kufanya mazoezi. Nikaanza kwa kunong'ona. Hedhi. Hamu. Uke. Nikapandisha sauti. Uke! Ukavu wa uke! Nikaona inatoka vizuri, nikaipeleka mpaka ya uwanja wa mpira. Nilipofungua mlango, mama mkwe alikuwa amesimama nje na taulo begani. Dunia haikupasuka, ingawa niliisihi.

Nimemsikia akimwambia mke wangu kwamba mumewe amerukwa na akili na Jumamosi ni mbali. Mke wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo muda mrefu. Nimefurahi, sijui kwa nini. Kisha akaja kuniuliza, kwa upole tu, kama sasa naweza kumsikiliza. Nikamwambia kesho baada ya kipindi. Yeye mwenyewe atakubali kwamba wanawake wote wa nchi hii wananitegemea.

Ijumaa, 7 Machi

Kipindi kilianza salama. Karibu salama. Mgeni alikuwa muuguzi wa kliniki ya wanawake, mcheshi, sauti nzito. Taa nyekundu ikawaka, nikavuta pumzi, na mdomo wangu, uliozoea kazi moja, ukatoa kilicho ndani yake: kituo kinasikitika kuwatangazieni kukoma kwa hedhi. Muuguzi akasema hakuna aliyekufa, tuendelee.

Akaeleza yote. Joto la ghafla, usingizi kupotea, moyo kwenda mbio, hasira, ukavu. Nilikuwa naitikia kila mara, kabisa, kabisa. Neno lile nililisema mara tatu bila kukohoa. Nyuma ya kioo Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Penalti akakunja uso. Nilijiona nimeshafika.

Tukafungua simu. Wa kwanza, mwanamke. Sauti ilikuja kwa mbali, kama mtu anaongea akiwa kabatini. Kasema mwaka mzima joto linampanda ghafla kama mtu kawashiwa jiko tumboni. Analala kwenye vigae. Mumewe kafurahia kubaki na kitanda.

Damu ikanichemka. Nikashika maikrofoni. Nikamwita mume huyo kisiki. Nikasema mwanaume anayelala kimshazari wakati mkewe yuko sakafuni hastahili hata godoro. Simu zikajaa. Fundi mitambo, sijui kwa nini, alikuwa ameinamia mitambo mabega yakimtikisika.

Muuguzi kamuuliza kwa upole habari za unyumba. Mwanamke kasema watu wanadhani hamu imekufa. Haijafa. Kilichomchosha ni kuguswa na mtu ambaye hajamuuliza ameshindaje. Kasema kuna dawa, kuna mafuta, kuna madaktari, hayo kayapata mwenyewe, lakini hakuna duka linalouza mtu wa kukusikiliza. Nilimwonea huruma kweli yule mama. Nikamuuliza kama amejaribu kumwambia mumewe. Kasema kila siku ya wiki hii.

Hapo nikapanda juu kabisa. Nikasema wananchi, mnamsikia punda huyu? Nikamwomba mama atutajie, bila woga, huyo mume amefanya nini alipomwona mkewe anateseka. Akasema najipoza kwenye friji, basi akanifungia kengele.

Na hewani, nchi nzima ikisikiliza, ikalia. Ting'.

Naijua kengele hiyo. Niliichagua kati ya nyingi kwa ule mlio wake.

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilisoma hali ya hewa. Moto ulinianzia kifuani, ukapanda shingoni, masikio yakawaka, shati likaganda mgongoni. Nikaomba feni. Muuguzi akanisogezea, akawaambia wasikilizaji kwamba joto la ghafla linafanana na hivyo, ila la mtangazaji litapoa kabla ya chakula cha usiku. Mke wangu alikuwa bado kwenye laini. Kasema hana zaidi, ila tu lile paja la kuku mumewe alilila mwenyewe. Kisha nikasikia mlango wa friji ukifungwa. Ting'.

Jumamosi, 8 Machi

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Muuza magazeti kanipigia kengele ya baiskeli. Mtoto wa jirani kapiga ya mlangoni akakimbia. Simu yangu haikomi, wengi hawasemi kitu, wanagonga bilauri kwa kijiko tu.

Mkurugenzi kaniita. Kacheka! Mbele yangu, machozi yakimtoka. Kasema kituo hakijawahi kupata simu nyingi vile, na wote wanamtaka yule mama wa kwenye friji. Kipindi kapewa mke wangu, pamoja na muuguzi. Mimi nimerudishwa mawinguni. Marehemu wa leo walikuwa sita, kila mmoja nilimwonea wivu.

Mama mkwe kafungua mkoba, katundika nguo. Safari imeahirishwa, mwanawe sasa ana kazi. Nikauliza anabaki mpaka lini. Kasema itategemea.

Mke wangu hakunigombeza. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Kaniomba mambo matatu: dirisha la chumbani liachwe wazi, mimi nihamie sebuleni mpaka atakaponiita, na kengele itolewe. La kwanza nimelitekeleza papo hapo. La pili mama mkwe amenitekelezea. La tatu nimesema nitalifanya nikipata bisibisi. Kisha nikamwambia samahani. Nililisema kweli, kwa moyo wote, na nikaona macho yake yamelainika. Akakaa karibu yangu, akaanza kunieleza. Nilikuwa namsikiliza vizuri kabisa, mpaka likanijia wazo.

Jumapili, 9 Machi

Wazo la karne!

Vigae vigumu, lakini usiku mzima nimechangamka. Nani sasa anajulikana nchi nzima? Mimi! Penalti anajulikana? Hajulikani. Nani alimtoa mke wangu gizani akawa sauti ya wanawake? Bila kengele yangu, angepiga simu? Asingepiga. Mwenye macho haambiwi tazama: nchi hii inamhitaji Mume Aliyezinduka. Nitazunguka kumbi, nitawafundisha wanaume, nitauza fulana. Nimeshapaka upya kucha, maana ndiyo alama yangu.

Hotuba ya kwanza inaitwa Nyamaza Umsikilize Mkeo. Nimeianza tangu asubuhi, ni tamu, mwenyewe imenitoa machozi. Tatizo ni utulivu. Mke wangu anajiandaa kwa kipindi chake na joto limempanda, basi ni jikoni, sebuleni, jikoni, na kila akifungua friji, ting'. Amekuja mara mbili kutaka kuniambia kitu. Nimemwonyesha kidole asubiri.

Ting' tena! Nimemwita nikamwambia, kwa upole kabisa, afunge mlango huo anyamaze kidogo. Nimefika penye sehemu nyeti.