Marufuku Kushuka Navyo

Jumatatu, 6 Mei

Meli ya watalii imefunga gati saa moja asubuhi. Kubwa! Nilihesabu madirisha mpaka shingo ikauma. Wageni elfu mbili, na mimi nikaambulia mmoja, babu aliyetaka kuonyeshwa choo tu. Mwongoza wageni mwenzangu, tunayemwita Kofia, kajaza mabasi mawili. Ana bahati tu. Sura hana.

Kibali changu cha kuongoza wageni kinakwisha Jumamosi. Hakihuishwi bila barua ya Mkaguzi wa getini. Nikiikosa barua, wiki ijayo naanza kubeba mifuko kwenye stoo ya saruji ya shemeji yangu. Ameshaninunulia na buti. Namba yenyewe si ya mguu wangu.

Lakini huyo Mkaguzi! Mama huyu lazima nimwandike vizuri. Anakaa kwenye meza moja, mbele ya mstari wa njano. Sheria hairuhusu mgeni ashuke na nguo za mabaka ya kijeshi, wala matunda, nyama, maua au mbegu. Wakaguzi wengine wanapekua. Yeye anatazama tu. Leo kamsimamisha bwana mmoja nadhifu, shati jeupe, suruali nyeusi, akamwomba kwa upole ageuze kofia yake. Bitana ya ndani, mabaka! Nilitamani kupiga makofi. Nikapiga. Akanitazama, nikaacha.

Wengine kama sita walirudishwa melini kubadilisha nguo. Wakanuna, hawakushuka tena. Hapo ndipo wazo likanijia. Niwaazime suruali! Mtu aliyevaa suruali yako hawezi kukukimbia. Atakufuata kutwa nzima, umwonyeshe mji utakavyo.

Jumanne, 7 Mei

Hakuna meli leo. Nimembembeleza dada yangu tangu asubuhi. Ni fundi cherehani, sebule yake yote vitambaa, ukikaa bila kuangalia unachomwa na pini. Ana suruali tano za wateja waliotokomea. Akasema hapana. Nikamwambia ni kwa ajili ya kibali. Akasema mipango yangu anaijua, ule wa mwisho ulimng'olea mlango. (Mlango ulikuwa mbovu tangu zamani.) Baadaye akanihurumia, akazipiga pasi zote tano. Sina dada mwingine kama huyu.

Tatizo, nilitaka sita. Ya sita nimeianua kambani. Ni ya shemeji. Yuko kazini, hataihitaji.

Jumatano, 8 Mei

Ushindi! Kisha si ushindi.

Nilisimama upande wa meli, kabla ya mstari wa njano. Wakarudishwa watu sita, nikawafungulia mfuko. Walivyonishukuru! Wakabadilisha chooni mmoja mmoja. Jitu moja la watu likajisukuma ndani ya suruali ya shemeji, zipu ikagoma, kisha ikakubali. Ili wasinipotelee, nikashika nguo zao kama rehani. Nikazikunja, nikazitia mfukoni, tukaelekea getini, mimi mbele, wao nyuma wamejipanga kama vifaranga wa bata. Kofia akabaki mdomo wazi. Nikampungia mkono.

Mkaguzi akawapitisha wote sita. Mimi akanisimamisha. Akaniomba nifungue mfuko.

Jamani. Hapo sikuwa nimepafikiria.

Suruali nne za mabaka, kaptula mbili. Akazipanga mezani taratibu. Hakufoka. Alisema tu kwamba watu sita wameshindwa kuingiza nguo hizi, na mimi peke yangu nilikuwa karibu kuziingiza zote kwa mpigo. Akaandika jina langu kwenye daftari. Nilipogeuka, wageni wangu wanapanda basi la Kofia. Na suruali zangu!

Jioni nikakuta kila nguo ya mabaka imefungwa uzi na kuandikwa jina la mwenyewe, inamsubiri. Suruali zangu tano Mkaguzi alikuwa amezikusanya, zimekunjwa. Ya sita ilikuwa imeshapanda melini na lile jitu. Mama wa watu akalifuata mpaka juu ya ngazi, akarudi nayo mkononi. Mwanamke wa namna gani huyu! Zipu tu ndiyo haipo. Shemeji ameikagua suruali yake, ameanza kuniita "kuli wangu".

Alhamisi, 9 Mei

Meli nyingine. Nimeamka na nia moja, kumwomba Mkaguzi radhi. Sikutaka kwenda mikono mitupu. Gatini nikakutana na bibi kizee ameshika maua, mekundu, mazuri ajabu, anahangaika pa kuyaweka. Melini walikuwa wamemwambia hawezi kutoka nayo. Nikampokea. Nikaenda nayo moja kwa moja kwa Mkaguzi, nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikainama kidogo.

Foleni nzima ikageuka kutazama.

Ndiyo, nimemtunuku mkaguzi maua ya magendo. Mbele ya watu.

Akatoa lenzi, akayachunguza, akaniita nisogee. Nikachungulia. Kijidudu, kidogo kama punje ya ufuta, kinatembea zake bila wasiwasi. Akaniambia baba yake alikuwa na shamba la nyanya. Mwaka mmoja kikaja kidudu kama hicho ndani ya mzigo wa mtu ambao hakuna aliyeukagua. Shamba lote likaisha, na baba yake hakulima tena. Aliyasema hayo polepole, huku akiyafunga maua kwenye mfuko wa plastiki. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nilikuwa namsifu kwa macho yake makali, kumbe siku zote analinda mashamba ya watu asiowajua hata sura.

Nikamwambia yote. Kwamba nahitaji barua. Kwamba naogopa saruji. Kwamba yale makofi ya Jumatatu yalitoka moyoni. Akacheka! Akasema kitu kimoja ninacho, mdomo. Kesho nisimame chini ya ngazi ya meli, niwaeleze wageni kabla hawajafika mezani kwake. Akiridhika, ataandika.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeng'aa!

Nimeongea kuanzia saa moja mpaka saa sita, sauti imekauka. Matofaa, wayale hapo hapo au wayaache. Maua yabaki chumbani. Mwenye mabaka apande akabadilishe. Mwenye udongo kwenye viatu apanguse. Niliwachekesha, wakatii. Mama mmoja akanionyesha mkate wenye nyama ambao hata sikuwa nimeuona, akaniomba msamaha mimi. Getini hakurudishwa hata mtu mmoja. Kofia akaja kuniuliza nimefanyaje. Kofia! Kuniuliza mimi! Na nikiri, mabasi yake anayapanga vizuri sana, si bahati tu.

Mkaguzi akaandika barua pale pale, kwa mkono, mwandiko umenyooka. Akagonga muhuri. Akasema kibali ni changu mwaka mzima. Ila nikikutwa tena getini na kitu kilichokatazwa, kitafutwa siku hiyo hiyo, hata yeye hataweza kunisaidia. Nikamwapia. Dada alitoa machozi kidogo akasema sasa nimekua. Shemeji amerudisha buti dukani.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa foleni getini. Kibali kipya kinaning'inia shingoni.

Nina wazo jipya, na nashangaa hakuna aliyewahi kulifikiria. Maneno pekee hayatoshi. Mgeni anatakiwa aone kwa macho! Kwa hiyo tangu asubuhi nimewaomba wageni vitu, kimoja kimoja, nao wametoa kwa moyo mkunjufu. Nina matofaa mawili, soseji, waridi, pakiti ya mbegu za alizeti, na kofia ya mabaka. Vyote vimo kwenye sanduku la kioo nililopewa na mpishi wa meli. Navipeleka nyumbani Dada anitandikie kitambaa chekundu chini yake, kisha Jumatatu nilete maonyesho kamili. Nimepata na koti la mabaka. Halikuenea sandukuni, nimelivaa.

Kofia alikuwa mbele yangu. Ameniangalia juu mpaka chini, akataka kusema kitu, akaacha. Akanipisha nitangulie, tena kwa tabasamu. Kumbe ni muungwana, tulikuwa tunagombana bure.

Wamebaki watu wawili. Mkaguzi ameniona. Ameinuka kabisa kitini. Huyu mama hamwinukii mtu, hata manahodha anawapokea ameketi. Heshima iliyoje!