Mbuzi wa Mama Guyo Amekataa Miche Yangu

Jamani, leo sina uso wa kutoka nje.

Mnamjua jirani yangu Mama Guyo? Ukame ulimmalizia mifugo, akabaki na mbuzi mmoja tu. Sasa amepata kashamba huko Burat, anataka kujaribu kulima. Mimi na mdomo wangu nikamwambia, "Miche usinunue, nitakuoteshea mimi! Sisi Wameru tunazaliwa na jembe mkononi." (Mimi nilizaliwa na mdomo tu.)

Basi nikapanda sukuma wiki kwenye pakiti za maziwa, nikazipanga chumbani kando ya kitanda, mbali na mbuzi wa mtaa. Pazia nimefunga ndi, hata mwanga hauingii! Miche ikapanda juu, mirefu, myembamba, ya njano njano. Nikaona hiyo ndiyo afya! Kila siku napiga picha namtumia.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuipeleka shambani. Asubuhi nikasema wacha ionje jua kidogo kabla ya safari. Nikaitoa yote nje. (Jua la Isiolo mnalijua.) Mimi nikakaa kivulini, nalinda. Mbuzi wa Mama Guyo akaja, nikamfukuza. Akarudi, nikamrushia kandambili. "Toka! Hii ni mali ya mama yako!" Macho yote kwa mbuzi, miche sikuiangalia hata kidogo.

Saa sita hivi Mama Guyo akafika na karai jipya.

"Salaam aleikum! Shamba nimechimba, maji nimeteka. Miche iko wapi?"

Nikageuka kumwonyesha. Wueh! Yote chini, kama mboga iliyotoka kwa sufuria.

"Imelala?" akauliza.

"Imechoka tu. Ikinywa maji itaamka."

Nikamwaga ndoo nzima. Ikalala zaidi.

Mama Guyo akatua karai lake mlangoni. Halafu akasema polepole, "Si neno. Mpe mbuzi basi, isipotee bure." Heri angenitukana, walahi.

Nikamwita yule yule mbuzi niliyemfukuza asubuhi yote. Akaja mbio. Akanusa. Akapiga chafya, akanigeuzia mgongo, akaenda kutafuna kandambili yangu!

Mama Guyo alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nikacheka, lakini roho inaniuma. Mama wa watu amechimba shamba lote kwa kuniamini.

Kwa hivyo ukitaka kunicheka, karibu, lakini uje na miche. Karai lake ameliacha hapa mlangoni kwangu.