Mgonjwa wa Mtihani

Jumatatu, 3 Machi
Udaktari wa mji huu umeniegemea mimi. Si majivuno, ni hali halisi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, Ijumaa ana mtihani wa kuchunguza mgonjwa. Mwaka jana alianguka. Akianguka tena, chuo kinamtoa. Dada ameniomba nisiingilie. Maskini, hajui anamwambia nani! Nimewahi kufanya kazi hospitali. Mlinzi wa geti, sawa, lakini geti la wagonjwa mahututi.

Shemeji, fundi cherehani, ndiye anayemsomea maswali huku anakanyaga pedeli. Nilipotaka kuchangia, akaniambia shemeji kaa tu, chai inakuja. Dharau!

Jumanne, 4 Machi
Ili mpwa apate mazoezi, nimejilaza kwenye kochi, mgonjwa wa kidole tumbo. Nimelia mpaka jirani akaja na maji. Mpwa akauliza maumivu yako wapi. Nikaonyesha kushoto. Shemeji akacheka mpaka uzi ukakatika. Kumbe huanzia kitovuni, kisha huhamia chini, kulia. Nikawaeleza kwamba changu kilihama nilipopigana mieleka ujanani. Mpwa akasema wapo kweli watu ambao viungo vimekaa upande mwingine, ila huzaliwa hivyo, na ni adimu sana. Adimu! Hilo nimelikubali.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu! Chuo kinatafuta watu wa kuigiza wagonjwa siku ya mtihani. Nimekwenda kujiandikisha, wakaniuliza kama nina ndugu miongoni mwa wanafunzi. Nikasema sina ndugu duniani. Nimepewa mshtuko wa moyo: kifua kinabana kama kimekaliwa na mtu mnene, maumivu yanakwenda tayani na mkono wa kushoto, kijasho cha baridi. Siri kubwa.

Jioni nikakaa mbele ya mpwa, nikashika kifua, nikakonyeza. Akaziba masikio. Mjomba, koma! Kama kuna unachojua, kaa nacho, nataka nifaulu kwa kichwa changu.

Shukrani ya punda!

Ijumaa, 7 Machi
Mwanafunzi wa kwanza nilimpa mshtuko wa moyo safi. Wa pili, nikaona chumvi haijakolea, nikaongeza kikohozi. Wa tatu nikampa goti na kuumwa na nyoka. Alitoka analia. Mtahini, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akanionya nibaki kwenye moyo.

Akaingia mpwa. Kijasho kikanitoka, cha kweli sasa. Nikakonyeza. Yeye akamgeukia mtahini na kusema waziwazi kwamba huyu ni mjomba wake.

Mtahini akanitazama kama usaha. Mgonjwa mwingine hakuwepo. Akaamua maigizo yamekwisha: binti amchunguze mjomba kama alivyo, kisha damu ipimwe, ndipo maksi.

Je, nina kiu? Nikasema mimi ngamia. Usingizi? Kama gogo. Suruali mbona imefungwa kwa kamba? Mazoezi! Mpwa akaniinamia. Mjomba, leo tu. Ukinidanganya, nimekwisha.

Nikatazama dari. Nikasema yote. Mtungi wa maji naumaliza kabla ya mchana. Usiku mimi na choo, choo na mimi. Nakula kama mchwa na bado nakonda. Gazeti nikilishika, herufi zinaogelea.

Akasema bila kusita kwamba anashuku kisukari, ila hahukumu kabla ya kipimo. Akanivua viatu, akakagua nyayo kama zina vidonda au ganzi. Muuguzi akatoboa kidole. Mashine ikamuunga mkono mpwa wangu.

Jumapili, 9 Machi
Kafaulu! Dada amelia, nami nimewatangazia majirani kwamba niliugua makusudi, mbinu ya miezi mingi. Shemeji amenipunguzia suruali kiuno bila kusema neno. Wivu huo.

Daktari wa kliniki ameniagiza nimeze dawa kila siku na niache soda na sukari. Nimemsikiliza kwa makini sana. Asali hakuitaja. Nakunywa chai ya asali ninapoandika haya. Na chuo kinatafuta tena wagonjwa, safari hii wa kifafa. Nimeshajiandikisha kwa jina la shemeji.

Shemeji ameniuliza kama kile kisindano kiliuma. Nimemjibu sikupepesa hata jicho. Humu daftarini tu: nilimwita mama, kwa sauti, na mpwa wangu alimaliza mtihani kwa mkono mmoja, maana ule mwingine sikuuachia.