Nusu Saa Bila Kutikisika

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Imekubali! Imekubali saa kumi na dakika nane jioni, na naandika saa kamili ili wasibishe baadaye.

Nimeweka programu kwenye simu yangu ya zamani na kuifunga kiunoni mwa Mama kwa mkanda. Kanuni ni moja: simu ikikaa nusu saa bila kutikisika, inatuma yenyewe ujumbe wa MSAADA na ramani ya mahali alipo kwa wanachama wote ishirini wa kikundi chetu cha majirani. Haimsubiri mtu abonyeze chochote.

Mwaka jana Mama aliteleza mtoni akikata majani ya ng'ombe. Alilala pale na nyonga iliyoteguka kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Mimi nilikuwa nyumbani nikitengeneza redio. Sitaandika zaidi kuhusu siku hiyo.

Jumamosi kikundi kitapiga kura: mfumo wangu au filimbi za jirani yetu Mithika. Filimbi! Mwaka huu! Mithika alikuwa mlinzi wa shule na hajasahau.

Jumanne, 4 Novemba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu zililia kijiji kizima. Raha iliyoje! Nilikimbia na soksi moja. Nilikuta majirani kumi na wanne wameshaingia chumbani kwa Mama, Mithika mbele.

Mama alikuwa amepiga magoti, anaomba. Dakika thelathini na tano. Gacheri, mwenyekiti wetu, aliuliza kama wangoje amina. Mama alisema alikuwa amefika kwenye jina langu, na jina langu huchukua muda.

Kasoro ndogo. Lakini watu kumi na wanne kwa dakika nne!

Jumatano, 5 Novemba

Kanuni ya pili: simu ikitoka kijijini kwa kasi, ujumbe unatumwa papo hapo. Mama akitekwa nyara, tutajua. Mama aliuliza ni nani atamteka, na kama mtekaji huyo ana ng'ombe wa kukamuliwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nane: Mama yuko shambani, anachuma kahawa. Saa nane na nusu: MSAADA. Nukta ya Mama kwenye ramani iko barabarani, inaelekea kiwanda cha kahawa kwa kilomita arobaini kwa saa. Mama wa miaka sabini na miwili!

Nilipiga kelele kwamba ametekwa. Pikipiki sita zikaondoka. Mithika alipuliza filimbi sikioni mwangu njia yote. Kiwandani tuliikuta pikapu inayokusanyia majirani kahawa, magunia yameshashushwa. Nukta ilikuwa ndani ya magunia. Nakiri kwamba nililia. Tulimwaga gunia baada ya gunia kwenye turubai, hadi simu ikaanguka, imelowa utomvu wa kahawa. Mama alikuwa nyumbani, anakunywa chai. Mkanda ulimbana kiuno akauvua, akauweka juu ya kahawa ndani ya gunia, akausahau.

Ndipo nilipotazama turubai. Kahawa ya nyumba kumi na moja, kila nyumba na namba yake ya kiwandani, haijapimwa hata kilo, sasa ilikuwa rundo moja. Gacheri huchagua kahawa yake mpaka isibaki tunda hata moja bichi. Alichota konzi moja kwenye rundo.

"Kaimenyi," akasema, "nionyeshe yangu."

Jumamosi, 8 Novemba

Mkutano saa saba. Mpango wangu: onyesho! Saa tatu nilijifunga simu nikaenda mtoni bila kumwambia mtu. Nilale nusu saa, waje mbio, waone.

Kabla sijalala niliteleza. Mguu ukanasa kati ya mawe, kifundo kikateguka. Maumivu makali! Na furaha: sasa ni dharura ya kweli! Nilijikaza nisitikisike nusu saa nzima. Ujumbe ukatoka saa tatu na dakika arobaini na tano. Nikachana nywele kwa vidole, nikangoja.

Saa nne. Saa nne na nusu. Hakuna mtu. Nilimpigia Gacheri, akakata. Nilimpigia Mithika. Alisema nimsalimie mtekaji, akakata.

Saa tano nikasikia filimbi. Mama! Amesimama ukingoni, anapuliza mashavu yamevimba. Mithika alifika akihema na kunibeba mgongoni kupanda kilima chote. Alisema injinia ni mzito kuliko anavyoonekana.

Nilimwuliza Mama alijuaje.

"Saa nne hukuja kunywa uji," akasema.

Na mtoni je? Alisema tangu mwaka jana, mtu akikosekana, yeye huanzia hapo. Filimbi alipewa na Mithika siku ile ya maombi. Huivaa ndani ya nguo.

Kura: filimbi kumi na tisa, mfumo wangu moja. Hiyo moja nilipiga mimi, mguu ukiwa juu ya benchi.

Jumapili, 9 Novemba

Nimebaki nyumbani na mguu wangu. Nimechunguza rekodi zote. Ujumbe wa jana ulifika kwa watu wote, mahali sahihi, dakika sahihi. Mfumo haukukosea! Kasoro ni watu. Wanaomba. Wanavua mikanda. Wanakata simu.

Kwa hiyo asubuhi nimemfunga ng'ombe simu shingoni. Yeye haombi, na hana mikono ya kuvua kitu. Orodha nayo ni mpya, ya watu makini ambao hawajawahi kupata ujumbe wangu: chifu, daktari wa mifugo, na mchungaji, ambaye saa hii yuko katikati ya mahubiri.

Namwona ng'ombe kupitia dirisha. Ameshiba, amelala chini ya mgomba, amefumba macho. Hatikisi hata sikio. Dakika ishirini na saba sasa. Utulivu kama huu sijaupata wiki nzima!