Waya wa Gelle, Mbuzi Wangu

Ijumaa, Septemba 4, 1998

Nimeliacha dishi! Leo, mbele ya mashahidi. Tulikuwa kibandani kwa Idman, tunakunywa chai baada ya swala ya Ijumaa, wakala wa dishi akaja kutangaza kwamba malipo ya mwezi yamepanda tena. Nikasema silipi. Jirani yangu Gelle, mwenye dishi kubwa kuliko langu na asiyependa nilisahau jambo hilo, akasema kwa sauti kwamba karani wa soko la mifugo, yaani mimi, sasa arudi kwenye redio yake. Watu wakacheka. Damu ikanipanda. Nikaapa: nikitoa tena kitu changu chochote ili dishi lionyeshe picha nyumbani kwangu, basi mke wangu Barni ameachika.

Kicheko kikakatika. Sheikh Abdiqani akaweka kikombe chini, akaniuliza kama nakumbuka nimebakiwa na talaka ngapi. Nakumbuka. Moja. Ya kwanza niliitoa Takaba, sababu ngamia aliyepotea. Ya pili niliitoa hapa Waberi, sababu wageni na chai isiyo na sukari. Mara zote mbili nilimrejea kabla eda haijaisha. Ya tatu haina kurejea. Basi sitalipa, na mambo yamekwisha. Rahisi kabisa!

(Naandika Kiswahili ili Gelle akiliokota daftari hili asielewe vizuri.)

Jumamosi, Septemba 5

Barni amesikia habari za kiapo sokoni, kutoka kwa muuza maziwa. Aliniwekea chakula akaenda kukaa upande wa pili wa chumba.

Alasiri, saa ileile ya mchezo wa Kiarabu wenye wanawake wanaolia, akajitanda shela akaenda kwa Gelle. Akarudi karibu na magharibi, macho yanang'aa. Kwa Gelle! Penye dishi kubwa! Siku moja tu, na tayari mke wangu anafuata picha kwa watu.

Tumeishi miaka kumi na mmoja, sisi wawili tu, Mungu hajatujalia mtoto. Kila alasiri tulikuwa tunakaa mkeka mmoja mbele ya televisheni. Leo nimekaa peke yangu. Kioo kikiwa kimezimwa kinamwonyesha mtu sura yake. Sikujipenda.

Lazima nimrudishe mkekani. Bila dishi. Akili ninayo.

Jumatatu, Septemba 7

Eria ya kunasa picha hewani! Bure kabisa! Stesheni ya Nairobi hailipiwi. Nimechukua mti mrefu, masinia mawili, vifuniko vitatu vya sufuria na waya wa kuanikia nguo. Nikapanda juu ya bati. Barni akashika mti chini, juani, nusu saa nzima, nikimwambia kushoto, kulia, rudi hapo hapo. Tukapata sauti ya mtu anayesoma habari za bei ya chai. Sura yake hatukuiona, ni vitone vyeupe tu vinavyorukaruka. Barni akauliza kwa upole kama anaweza kupata kifuniko kimoja, wali unakauka.

Upepo ukaja. Mti ukaanguka. Sinia lililopinda ni lile la harusi yetu, zawadi ya marehemu mama yake. Barni alilifuta kwa upindo wa shela, akalitundika ukutani vilevile limepinda. Afadhali angenitukana.

Alasiri akaenda kwa Gelle.

Jumatano, Septemba 9

Deki ya video! Ofisini kwetu ipo moja, haitumiki. Nimeiazima bila kumsumbua mkubwa wangu kwa kumwomba ruhusa. Kaseti ni moja tu, inahusu kutibu minyoo ya kondoo. Picha safi mno! Nikamwita Barni, nikamwekea mto.

Alikaa. Aliitazama mpaka mwisho, dakika arobaini, kwa adabu. Ilipokwisha akauliza kama wale kondoo walipona. Sikujua. Tukacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Hapo ndipo ningenyamaza. Badala yake nikaanza kumweleza jinsi nilivyomshinda wakala, na Gelle, na kampuni nzima. Akainuka akajitanda shela.

Naongeza leo Alhamisi: mkubwa wangu amekuja mwenyewe kuchukua deki. Hakuingia ndani wala hakunisalimia.

Jumapili, Septemba 13

Leo nimejishangaa kwa busara. Nilimfuata Gelle, nikajishusha. Nikasema sisi majirani, ua ni mmoja, je, waya ukitoka kwenye kisanduku chake ukaruka ukuta ukaingia kwangu, atapungukiwa nini? Gelle akafikiri. Akamtazama mbuzi wangu wa maziwa.

Pesa siwezi kutoa, kiapo kipo. Lakini mbuzi! Desturi yetu inajulikana: mwanamke akijifungua, jirani humpa mbuzi wa kukamua mpaka mtoto apate nguvu, kisha mbuzi anarudi kwa mwenyewe. Huko si kulipa, ni ujirani, tena kuna thawabu. Na Arbia, mke wa Gelle, alijifungua mwezi wa saba. (Barni alinitajia jambo hilo wakati ule. Nilimwambia mbuzi ni mmoja na mimi napenda chai ya maziwa.) Nikamfunga mbuzi kamba nikampeleka. Gelle akarusha waya.

Picha! Rangi zote! Kiapo kizima, mke yupo, dishi bure. Barni alirudi kutoka kisimani akaona televisheni inawaka. Akatoka uani. Akarudi akauliza mbuzi yuko wapi. Nikamwambia nimemtolea Arbia kwa ajili ya Mungu. Akanitazama muda mrefu sana.

Jumatatu, Septemba 14

Kasoro ndogo. Ninaona kile tu anachokiona Gelle. Mwanamke wa Kiarabu alikuwa anakaribia kufa, mara Gelle akahamia kwenye ngumi. Nikapiga kelele ukutani. Akaongeza sauti.

Barni hakuwepo kuona. Alikuwa kwa Gelle. Waya umefika mpaka mkekani, naye bado anakwenda! Sielewi anataka nini mwanamke huyu.

Ijumaa, Septemba 18

Balaa. Kibandani kwa Idman mtu alimsifu Gelle kwa ukarimu wake wa waya. Gelle hapendi kuitwa mkarimu kwa jambo ambalo alipata faida. Akacheka, akanionyesha kwa kidole, akasema ukarimu gani, Kulow huyu alinipa mbuzi nami nikampa waya, kila mtu kapata haki yake. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akauliza mbona namkanyaga.

Sheikh Abdiqani alikuwa meza ya pili. Hakumaliza chai yake.

Jumamosi, Septemba 19

Sheikh amekuja nyumbani. Barni alikaa nyuma ya pazia. Kaka yake, Sakariye, alikaa mlangoni. Sheikh akaniuliza, kwa jina la Mungu, nilimtoa mbuzi kwa ajili ya maziwa ya mzazi au kwa ajili ya dishi. Nikaeleza desturi. Nilieleza vizuri, hata mimi nilianza kuamini.

Sheikh akauliza mtoto amezaliwa lini. Nikasema hivi majuzi. Pazia likasema Julai. Sheikh akauliza mbona mbuzi hakutolewa Julai. Barni akasema, polepole, kwamba aliniomba Julai nikakataa, na kwamba hawezi kulala nyumba ya haramu kwa ajili ya uongo wangu.

Nikamwambia yote nimeyafanya kwa ajili yake, ili asihangaike kufuata picha kwa watu. Akasema hakuwahi kwenda kwa Gelle kutazama dishi. Alikwenda kumpokea Arbia mtoto. Anamwogesha, anampaka mafuta, mtoto analala kifuani pake. Akasema hata mchezo wa Kiarabu hakuupenda, hakielewi Kiarabu chao. Alikaa pale mkekani kwa sababu mimi nilikaa.

Sheikh akafuta uso wake. Akasema talaka imepita, na ni ya tatu.

Nililia mbele ya Sakariye. Naye akatazama nje.

Jumatano, Septemba 23

Ameondoka kwa lori la asubuhi, na kaka yake, kwenda kwao Hadado. Amechukua nguo, mkeka wa kuswalia na sinia lililopinda. Mlangoni alinikumbusha dawa yangu ya kifua iko kwenye kopo la chai. Nilitaka kusema kitu. Nikasema safari njema, kama mtu wa stendi.

Arbia amemrudisha mbuzi mwenyewe, amebeba mtoto mgongoni. Gelle amekata waya.

Nyumba ni kubwa. Sikujua. Namkosa Barni mpaka nashindwa kumeza chai.

Jumapili, Oktoba 4

Siku kumi na moja za kufikiri. Nimepata jibu!

Kiapo kimekwisha kazi yake. Hakuna kinachonizuia tena kulipa! Nimemuuza mbuzi, nimelipa miezi mitatu, na nimebadilisha sahani ya dishi. Fundi amemaliza leo. Stesheni kumi na tisa! Alasiri ukaja mchezo wa Kiarabu, yule mwanamke hakufa, na nikajikuta nimegeuka kulia kumwambia Barni. Nikazima kidogo. Nikawasha tena.

Sheikh anasema kumrejea Barni haifai, hata nikijenga mnara, mpaka aolewe na mume mwingine na ndoa hiyo ife yenyewe. Lakini Sheikh hana televisheni, hajui inavyovuta.

Nimemtafuta dereva wa lori la Hadado. Nimempa salamu zangu zote kwa Barni. Amwambie nyumbani picha ni safi kama maji, mkeka upo, aje. Na asisahau kumwambia kwamba sasa dishi letu ni kubwa kuliko la Gelle.